Ncha ya ndoana imelala

Nimetoka baharini sasa hivi, mikono bado inanuka ngisi.

Samaki watatu aina ya changu wamekula chambo, wakavuta mshipi, wakaponyoka. Watatu!

Nimeiinua ndoana juani: inang'aa, nzima kabisa. Nikaipitisha kwenye ukucha, ikateleza. Ncha imegonga mwamba ikajikunja, mkunjo mdogo kuliko unene wa unywele.

Jamani, msiamini macho. Burura ncha taratibu juu ya ukucha wa dole gumba, bila kukandamiza. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, ni butu, na mdomo wa changu ni mgumu, haitaingia.

Kunoa ni tupa ndogo yenye meno laini. Bana ndoana kwa koleo, pitisha tupa mara tatu au nne kila ubavu, kwa mwelekeo mmoja tu, usirudishe kama msumeno. Malizia mara mbili mgongoni, ncha iwe na pembe tatu. Usizidishe! Ikiwa nyembamba mno, jiwe la kwanza tu inalala tena.

Tupa huondoa ule utando unaong'aa unaozuia kutu. Kwa hiyo suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, paka tone la mafuta ya cherehani. Ndoana mbichi usiichanganye na kavu kwenye kopo, kutu itaenea.

Iliyoliwa na kutu hadi nchani hainoleki, badilisha.

Zangu nazichomeka kwenye kandambili kuukuu. Nyie mnazihifadhi wapi? Kuna anayenoa kwa jiwe?