Vikombe vyangu vilipoacha kutoa jasho

"Dada, vikombe vyako vinatoa jasho."

Mama mmoja aliyenunua kwangu seti ya vikombe sita ndiye aliyenipigia simu kuniambia hivyo, kwa upole, wala hakudai arudishiwe hela. Nikaenda kwake. Kila kikombe chenye chai kiliacha duara la unyevu kwenye kitambaa cha meza, na mbao chini yake ilishaanza kufanya weupe. Glezi niliyokuwa nimepaka, ule utando wa kioo, ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Chai ilipita humo ikanywewa na udongo.

Iliniuma, maana nimekulia kwenye udongo. Bibi yangu mzaa mama ni Mkisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Kyela, ambako kufinyanga ni kazi ya wanawake. Vyungu vyao huchomwa juu ya ardhi kwa kuni na nyasi, na joto la moto wa namna hiyo kwa kawaida halivuki nyuzi 900. Udongo unabaki na vitundu visivyoonekana, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoufaa mtungi: maji yanapenya polepole, yanakauka kwa nje, yaliyobaki ndani yanapoa. Kwa mtungi, jasho ni sifa. Kwa kikombe cha chai ni kasoro, na mimi nilikuwa nauza vikombe.

Nilichohitaji ni stonwea nyekundu, yaani udongo unaochomwa mpaka unashikamana kama jiwe bila kupoteza wekundu wake. Wachina wa Yixing wamekuwa wakitengeneza birika za chai za namna hiyo kwa karne kadhaa, tena bila glezi kabisa. Nikadhani siri ni moto tu. Nikajaza tanuri langu la gesi vikombe vya udongo wangu wa kawaida, nikapandisha hadi nyuzi 1,220.

Nilipofungua kesho yake nilikaa chini. Vikombe vilikuwa vimeumuka kama maandazi, vina mapele makubwa ubavuni. Viwili vililala. Kimoja kiligandana na rafu ya tanuri, nikakibandua kwa patasi. Nilipokipasua nikaona ndani ni cheusi, kina mapovu kama mkate.

Ilinichukua miezi kuelewa kilichotokea, na nikieleze vizuri kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoharibu. Wekundu wa udongo unatokana na oksidi ya chuma, na chuma hicho hicho husaidia udongo kuyeyuka. Kikinyimwa hewa ndani ya tanuri huyeyusha kwa nguvu zaidi na kugeuza rangi kuwa kahawia iliyoiva au nyeusi. Tena udongo wa bondeni una mabaki ya majani na mizizi. Usipoyapa nafasi ya kuungua yakaisha mapema, yanabaki kama kaboni katikati ya ukuta wa chombo, na joto likipanda sana gesi inazaliwa humo wakati uso umeshaziba. Haina pa kutokea, ndiyo maana chombo kinavimba. Mimi nilikuwa nimekosea kote kuwili: nilikimbiza moto, na kile kibao cha bomba la moshi nilikiziba mno ili kuokoa gesi.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuupa udongo wangu mwenza anayestahimili moto. Vilima vya Pugu, huku Kisarawe, vina kaolini, udongo mweupe usioyeyuka upesi. Baada ya vibao vingi vya majaribio nikatulia kwenye mchanganyiko huu kwa uzito: udongo mwekundu 50, kaolini 25, mchanga mweupe wa silika uliosagwa laini 15, feldispa, yaani unga wa jiwe unaosaidia udongo kuyeyuka na kushikamana, 10. Ni hesabu ya udongo wangu mimi. Wa bonde lingine utadai hesabu nyingine. Nauchekecha ukiwa uji, nauacha ukae, halafu naukanda mpaka nikiukata kwa waya sioni hata tundu moja la hewa.

Dawa ya pili ni subira. Mchomo wa kwanza naupeleka polepole sana hadi nyuzi 600, kwanza ili maji yaliyofungwa ndani ya udongo yatoke, na pia kwa sababu kwenye nyuzi 573 chembe za kwazi, yaani zile za mchanga wa silika, hubadilika umbo na kutanuka ghafla. Kati ya 700 na 900 nafungua hewa vizuri na sina haraka hata kidogo. Mchomo wa pili, wa glezi, naukomesha nyuzi 1,190. Kwa mchanganyiko wangu, nikifika 1,220 wekundu unakufa na hatari ya kuvimba inarudi.

Kipimo ninachokiamini ni mizani ya jikoni. Napima kikombe kisicho na glezi kikiwa kikavu, nakichemsha saa kadhaa, nakiacha majini hadi asubuhi, nakifuta, napima tena. Vikombe vya zamani vilitoka gramu 250 hadi 278, zaidi ya asilimia 11. Vya sasa vinatoka 250 hadi 255. Nilirudia mara tatu, sikuamini. Vinasinyaa zaidi pia: mstari wa sentimeta 10 niliouchora kwenye udongo mbichi ulitoka 8.8, kwa hiyo nikitaka kikombe cha kimo cha sentimeta 9 nakifinyanga kidogo zaidi ya 10.

Nafanya vikombe, bakuli, sahani na birika. Napenda hasa glezi nyeupe juu yake: kwenye mdomo wa kikombe, inapokuwa nyembamba, chuma kinajitokeza na kuacha ukingo wa kahawia ambao sijaupaka. Ila kila anayenunua namwambia asiweke chombo hiki motoni. Mteja mmoja alipasha mchuzi kwenye bakuli langu juu ya jiko la gesi, likapasuka vipande viwili. Chungu cha bibi, chenye vitundu vyake, kinavumilia mafiga miaka. Stonwea imeshikamana mno, sehemu moja ikipata moto ghafla na nyingine bado baridi, inapasuka.

Yule mama nilimpelekea vikombe sita vipya. Na nilipokwenda Kyela nilimbebea bibi kimoja. Nikamwamkia, nikampa. Alikigonga kwa ukucha kama anavyogonga vyungu vyake kutafuta ufa, akasikiliza mlio mrefu, akagonga tena.

"Hiki kimeiva," alisema. "Chai nitanywea. Maji yangu yabaki mtungini."