Siku Tuliyokwenda Kutoa Nyama za Pua

Binti yangu alikuwa na miaka 6, na tulikwenda hospitali kwa kitu tulichokiona kidogo tu, kutoa nyama za pua. Tangu mchanga anakoroma na kupumulia mdomo, daktari wa kwanza akamulika akaona uvimbe laini huko nyuma, akasema ni nyama, tukapewa siku. Sasa yule wa upasuaji akamwangalia usoni muda mrefu, macho yamekaa mbalimbali na pua pana juu (mimi siku zote nasema kachukua sura ya bibi yake), akauliza, jicho la kushoto linaona? Nikasema haliyaoni mambo vizuri tangu mdogo. Akasema simgusi mpaka nione MRI, ile picha ya ndani ya kichwa.

Nilikasirika jamani. Mtoto hajala tangu usiku, analia, na alivyolia sana mkono wa kulia ukalegea, mdoli ukamdondoka. Nikamwambia nesi ndo zake huyu akisusa, unarudi sasa hivi. Nesi hakunijibu, alitoka mbio kumwita daktari.

Jioni wakatuonyesha picha. Ule uvimbe ulikuwa ubongo wenyewe. Mfupa wa sakafu ya fuvu haukuziba tangu tumboni, ubongo ukashukia hapo mpaka nyuma ya pua, na tezi ya pituitari, ile ndogo ya chini ya ubongo inayoongoza homoni, imo humohumo. Yaani wangekata, wangekata hapo. Bado nikiandika hivi mwili unanisisimka.

Halafu akatuonyesha mishipa. Ile mikubwa miwili inayopeleka damu kichwani imesinyaa, na pembeni imeota midogo midogo imetanda kama moshi. Akasema moyamoya, nikasikia moyo, nikamuuliza na moyo pia? Akasema hapana mama, ni Kijapani, ndo huo moshi. Mtoto akilia anapumua kasi, kabonidayoksaidi kwenye damu inashuka, mishipa ya ubongo inajibana, damu inazidi kuwa chache. Kule kulegea kulikuwa kiharusi cha kupita, na mimi miezi yote nasema anadeka! Hata jicho lilikuwa mambo hayohayo, neva yake haikuumbika sawa, na kuna watoto wachache sana wanaozaliwa na vyote hivi pamoja.

Dawa na operesheni ya mishipa vilikuja baadaye. Usiku ule aliamka analia anataka maji, nikamnyanyua haraka, nikawa namwambia taratibu mama, taratibu, huku nimemshika vidole vya kulia nisikie kama vinanibana.