Seli tupu si sifuri: nilivyolinganisha mizinga ya Tabora

"Kwenye seli tupu weka sifuri tu, programu itapokea." Ushauri huo alinipa mtu aliyesoma kuliko mimi, na mpaka leo unaniudhi. Programu hupokea chochote. Mwenye mizinga ndiye atakayekuuliza hiyo sifuri umeitoa wapi.

Data yangu ni mavuno ya asali kwa mzinga, kwa aina tatu za mizinga (ya gome, ya gogo na ya sanduku), kutoka vikundi vya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui. Jedwali lina seli 12, lakini 2 ni tupu. Kikundi cha Uyui kiliacha magome kwa sababu mti ukichunwa gome kuuzunguka hufa, na kile cha Kaliua hakikuwa na magogo. Sifuri kwenye asali ina maana yake: mzinga ulitundikwa, ukafika wakati wa kurina, haukutoa kitu. Kuiandika pale ambapo mzinga haukutundikwa kabisa ni kutunga mavuno. Mwingine akasema nijaze wastani wa jumla. Huko nako ni kutunga, ila kwa adabu.

Niliiacha data kama ilivyo, nikaweka modeli yenye aina, mahali na mwingiliano wao (yaani tofauti ya aina inaruhusiwa kubadilika kwa kila mahali) kwenye R, programu ya takwimu. Zikatoka NA mbili, alama ya R kwamba namba hiyo haikupatikana, na wenzangu wakasema programu imeharibika, niisakinishe upya. Lakini tazama zilikokaa! Moja ilikuwa gome kwa Uyui, sawa. Ya pili ilikuwa sanduku kwa Uyui, seli iliyojaa data. Gogo kwa Kaliua, ambayo ndiyo tupu, haikuonekana popote. Sababu ni alfabeti: R ilichukua gogo na Kaliua kuwa msingi wa kulinganishia, yaani ilisimama juu ya seli isiyo na kitu. Nilipobadili msingi kuwa sanduku na Sikonge, NA zote mbili zikahamia kwenye seli tupu zenyewe.

Hapo ndipo nilipopata mbinu ninayojivunia. Nilikokotoa tofauti ya gome na sanduku, wastani wa sehemu zote nne, nikihesabu NA kuwa sifuri, kwa msingi wa kwanza kisha wa pili. Majibu yakatofautiana! Nikafuatilia kwa kalamu: msingi wa kwanza ulikuwa umeipa Uyui tofauti ya Kaliua, wa pili ukaipa ya Sikonge. Nikarudia kwa Sikonge, Urambo na Kaliua pekee, ambako aina zote mbili zipo. Namba haikusogea hata desimali moja.

Hicho ndicho mwanatakwimu Raj Chandra Bose wa India alichokieleza mwaka 1944: kinachokadirika, yaani kile ambacho data inaweza kukikisia, ni kile kinachoweza kupatikana kama matarajio (wastani unaotarajiwa) ya jumla fulani ya vipimo vyenyewe, kila kimoja kikizidishwa kwa namba yake. Modeli yangu ina parameta, yaani namba za kutafutwa, 20 ukihesabu zote (1 ya jumla, 3 za aina, 4 za mahali, 12 za mwingiliano), lakini seli zenye data ni 10, basi kuna mambo 10 tu huru ya kukadiria. Hata jedwali lingejaa yangekuwa 12. Kubadili msingi hufichua kisichokadirika, ila namba ikitulia usiridhike bado. Bandika mstari wa swali lako chini ya matriki ya X (jedwali la namba ambalo modeli hulitumia), kokotoa renki, yaani idadi ya mistari isiyotokana na mingine. Ikipanda, swali hilo halikadiriki.

Kuna njia ya kuondoa mwingiliano. Hapo pengo la Uyui lingezibika: sanduku la Uyui, ongeza tofauti ya gome na sanduku ya kwingineko, kwa kuwa seli zangu zenye data zimeungana kupitia aina na mahali pa pamoja. Niliikataa, maana tofauti hiyo haikuwa sawa Sikonge na Urambo. Ukiitumia, sema wazi kwamba umedhani inafanana kila mahali.

Gharama ya kazi hii yote ni bando la intaneti na usiku kadhaa, basi.

Kwenye ripoti nililinganisha gome na sanduku kwa sehemu tatu bila Uyui, gogo na sanduku kwa sehemu tatu bila Kaliua, na aina zote tatu kwa Sikonge na Urambo tu. Mzee mmoja wa kikundi cha Uyui akaniuliza, "Mwanangu, na sisi gome lingetupa kiasi gani?" Nikamjibu, "Mzee wangu, data hii haiwezi kusema." Akaitikia kwamba hata yeye angeshangaa kama ingeweza.