Nusu ya Hindi, Kutoka Nakuru Hadi Kit Mikayi

Nauli ya kwenda Kisumu ilikuwa imepanda usiku kucha. "Ni wikendi, mkubwa," makanga akanijibu, kana kwamba wikendi ni kitu kinachotiwa kwenye tangi. Nikalipia viti viwili vya mbele, changu na cha mchumba wangu, nikanung'unika mpaka Salgaa. Tulikuwa tunaenda kwao, upande wa Bondo. Ayie, ile pesa ya Waluo ya kuomba ridhaa ya mama wa binti, tulishaipeleka na mama yake akaipokea. Kilichobaki ni kuketi na wazee kupanga tarehe ya harusi na idadi ya watu. Hiyo idadi ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi.

Tulipoipita Mau Summit kidogo, gari likachemsha. Tuliokaa mbele tukaambiwa tushuke upesi, maana injini ya matatu hizi iko chini ya makalio ya abiria. Dereva akainua kiti, mvuke ukamrukia usoni, akatukana kwa lugha tatu. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Makanga akatumwa maji na mtungi wa lita ishirini, akapotelea nyuma ya ua wa watu.

Kule juu baridi haina adabu. Tukaketi kwenye nyasi na abiria wengine, pembeni yetu mama mmoja mwenye kuku aliyefungwa miguu kwa kitambaa cha leso ya zamani. Kuku alikuwa ametulia kutushinda sote. Mama akatutazama, akaitazama pete, akauliza, "Mlikutana wapi, wanangu?"

Nikasema Menengai, kule kwenye shimo la volkano juu ya Nakuru. Mchumba wangu akasema si Menengai, ni stejini, Menengai ilikuja wiki mbili baadaye. Basi tukaanza. Mimi naikumbuka siku ile ya Menengai kuwa ya mawingu. Yeye anaapa jua lilikuwa kali na vumbi lilimwingia machoni. Mimi nasema nilimvika sweta langu. Yeye anasema alilichukua mwenyewe baada ya kunisubiri nusu saa nijiongeze. Tuliafikiana jambo moja tu: tulisimama ukingoni tukilitazama lile shimo, kilomita 12 hivi kwenda ng'ambo, na hakuna aliyepata neno la kusema.

Ubishi mkubwa ukawa wa hindi la kuchoma. Tulinunua moja, tukalivunja katikati.

"Nilinunua mimi, shilingi thelathini," nikasema.

"Ulinunua wewe, ukala nusu kubwa wewe," akajibu, akamgeukia mama. "Na ndimu yote akapaka yake."

Mama akampapasa kuku mgongoni, akafikiri kama hakimu. "Nyathina," yaani mwanangu, akamwambia mchumba wangu, "mwanaume anayekumbuka bei ya hindi la miaka mitatu, huyo atakuhesabia chumvi jikoni." Abiria wakaangua kicheko. Hata dereva, aliyekuwa akiifunga paipu kwa utepe wa mpira wa tyubu, akatoa kichwa kucheka.

Saa mbili na dakika arobaini tulikaa pale. Hakuna aliyerudishiwa hata bob kumi.

Kericho tuliipita nimelala. Kisumu nilijitia mwenyeji ufuoni, nikaagiza "tilapia" badala ya kusema ngege, jina lake la Kijaluo, na bei ikapaa hapohapo. Mchumba wangu alikuwa ameenda kunawa mikono, hakuniwahi. Samaki alikuwa mtamu, sitamsingizia. Ila sisi wa Nakuru tuna kasoro hii: tangu mji wetu uwe jiji mwaka 2021 tunatembea kifua mbele kila mahali, halafu tunaibiwa kwa neno moja.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda kwa wazee, akanipeleka Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana kando ya njia ya Bondo. Chini yake kulikuwa na wanawake waliovaa kanzu, wakisali kwa sauti ya chini. Aliyetutembeza akatusimulia habari ya mzee Ngeso, aliyeyapenda mawe haya hata akawa anashinda pangoni kila siku, mkewe akimletea chakula huko. Akiulizwa mumewe yuko wapi, mke hujibu: ameenda kwa mke wake wa kwanza. Ndiyo maana ya jina lenyewe, jiwe la mke wa kwanza.

Nilikuwa nimeshika ukuta wa jiwe, baridi, wenye ukungu wa kijani kwenye nyufa. Nikawaza Menengai ninavyoipanda kila nikikasirika, peke yangu, simu nikiwa nimeizima.

"Wewe wako wa kwanza namjua," mchumba wangu akasema bila kunitazama. "Ukienda kwake nitakuletea hindi."

"Nusu?"

"Ile ndogo."

Kiingilio alilipa yeye. Nimekiandika hapa, pamoja na ile kesi yake ya ndimu, ili mama wa kuku asije akaitwa tena kuamua.