Levodopa: nauliza saa kabla ya kugusa dozi

Mgonjwa wa Parkinson akisema levodopa, dawa inayogeuka dopamini (kemikali inayoendesha mwendo) ubongoni, haifanyi kazi, siongezi kidonge siku hiyo. Nampa anayemuuguza karatasi iliyogawanywa kwa nusu saa, aijaze siku tatu: amemeza saa ngapi, amekula saa ngapi, amekakamaa lini, mwili umechezacheza wenyewe lini.

Ukakamavu ukirudi kabla ya dozi inayofuata, dawa inaisha mapema. Nasogeza saa: kila baada ya saa 6 inakuwa kila baada ya saa 4, kwa kiasi kilekile au pungufu kidogo. Ukikuza dozi moja, mwili utachezacheza dawa inapojaa kwenye damu.

Dozi ya mchana isiposhika kabisa, natazama sahani. Protini ya nyama, maharage na maziwa hugombania njia moja na levodopa, kwenye utumbo na tena kwenye kuingia ubongoni. Kidonge kimezwe kwa maji nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula. Vidonge vya madini ya chuma vikae mbali nacho kwa saa 2.

Kichefuchefu mara nyingi kinatokana na kukata kidonge vipande. Kidonge cha levodopa miligramu 250 kina kabidopa 25 tu. Robo mara tatu kwa siku inaleta kabidopa isiyofika 19, ilhali zinahitajika kama 70 hadi 100 ili levodopa isigeuke dopamini kabla ya kufika ubongoni. Kwa hiyo naanza na kidonge cha levodopa 100 na kabidopa 25, nusu mara tatu, kisha polepole kizima mara tatu. Plasil (metoklopramidi), dawa ya kuzuia kutapika, kamwe! Inaziba vipokezi vya dopamini ubongoni, na mgonjwa anaganda zaidi. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ni vivyo hivyo. Kwa kichefuchefu domperidoni inafaa, ila moyo upimwe kwanza.

Triheksifenidili hutuliza mtetemeko, lakini kwa wazee siianzishi: inafunga choo na mkojo, na inavuruga akili.

Kila kliniki napima presha akiwa amelala dakika 5, kisha akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hiyo ndiyo inayomwangusha, na kumwongezea levodopa kutaizidisha.

Ninachokihofia zaidi ni kulazwa. Agizo la "mara nne kwa siku" wodini huishia kufuata zamu za wauguzi, kwa hiyo naandika: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni. Asiyeweza kumeza, kidonge cha kawaida kiyeyushwe kwenye maji kipite kwenye mpira wa puani, saa zilezile; cha kutoa dawa polepole hakisagwi. Levodopa ikikatwa ghafla huweza kuleta homa kali, mwili mgumu kama ubao na kuchanganyikiwa. Anatibiwa malaria au maambukizi huku dawa yake imekaa kwenye mfuko chini ya kitanda.