Namna nilivyowavuta chozi wajenge kiota barazani kwangu

Naishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako chozi, ndege wadogo wanaonywa nekta, yaani maji matamu ya maua, hawakosekani katika ua wowote wenye maua. Huko juu msituni yupo chozi wa Loveridge, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, lakini habari yangu ni ya yule wa kawaida mwenye kifua chekundu. Dume wake ni mweusi, na paji lake la uso hung'aa kijani jua linapompiga. Hukaa juu ya waya wa umeme tangu alfajiri akirudia sauti zake chache kali, huku jike wa rangi ya kahawia akipita bila kutambuliwa. Kuwaona wakinywa nekta hakukuwa kazi, kwani ua la mgomba peke yake lilitosha kuwaita. Nililotaka ni wajenge mahali ambapo ningeweza kuwatazama kwa karibu.

Niliona ni afadhali niangalie wanachohitaji kuliko wanachopenda. Nekta huwapa nguvu za kuruka, ila makinda hawakui bila kulishwa wadudu na buibui, kwa hiyo niliacha kabisa kupuliza dawa bustanini, na mchicha wangu ukatobolewa matundu. Jambo la pili liliwaudhi watu zaidi ya ndege: sikufagia tena utando wa buibui kwenye pembe moja ya baraza, kwa sababu utando ndio unaoshikilia kiota chote. Mama mkwe alipotutembelea alitazama dari, akasema, "Mwanangu, nyumba hii utadhani haina mwenyewe." Nilimweleza shida yangu; akacheka, akachukua ufagio na kusafisha pande zote isipokuwa pembe ile.

Jike alichagua ncha ya waya uliokuwa ukining'inia tangu taa ya baraza ilipoondolewa. Alikuwa akipigapiga mabawa mbele ya utando, akiuvuta kwa mdomo mpaka unajikusanya kuwa kidonge cheupe, kisha akaenda kuuzungushia kwenye waya na kuukandamiza kwa kifua. Baadaye alileta nyasi, majani makavu na vipande vya magome, vyote vikifungwa kwa utando uleule, hadi kikatokea kiota kama kifuko kidogo, chenye mlango ubavuni na ukingo mfupi juu yake wa kuzuia mvua. Ndani alitandika sufi na manyoya ya kuku. Dume hakuleta hata unyasi mmoja. Kazi yake ilikuwa kuimba na kupigana na kivuli chake kwenye kioo cha dirisha, akijigonga kwa hasira hata nikahofia ataumia. Nilitundika khanga kuukuu upande wa nje wa kioo, na vita vikaisha siku hiyohiyo.

Kwa kawaida jike hutaga mayai mawili na kuyaatamia peke yake kwa muda wa wiki mbili hivi. Kipindi hicho tulihamisha kamba ya kuanikia nguo, tukatumia mlango wa nyuma, na viti vyote ambavyo paka angeweza kuvipanda tukaviondoa chini ya waya. Sikugusa kiota wala kuchungulia mlangoni mwake, ingawa watoto walinisihi sana. Makinda walipoanguliwa hatimaye dume naye alifanya kazi, akileta buibui na viwavi kwa zamu na mwenzake. Nilichokuwa nikikihofia kuliko paka ni kekeo mdogo wa kijani, ambaye hutaga yai lake katika viota vya chozi na kuwaachia mzigo wa kulea mtoto asiye wao. Bahati nzuri hakuja.

Makinda waliporuka sikukiondoa kiota, maana jike wa aina hii huweza kukikarabati na kukitumia tena. Mvua za vuli zilipoanza nilimwona akivuta utando kwenye pembe ileile na kuziba upande uliokuwa umechakaa, na waya ule wa taa fundi ameambiwa asiukate.