Miguu inayodeka

Juma hili mama katolewa mtoto wa jicho na anaona vizuri, mkuu wa shule kahamishwa bila hata kikao cha kumuaga, na kifungua mimba karudi chuoni. Yote hayo ningeweza kuyaandika nikiwa nimetulia. Lakini kila nikikaa kuandika, inanijia sentensi moja tu ya dada: "Miguu yako inadeka kwa sababu unaidekeza."

Wanaonisoma siku zote wanamjua dada yangu kwa ule mkasa wa mapazia, na hajabadilika. Kaja kumuuguza mama, na kabla jua la siku ya kwanza halijazama alikuwa ameshahamisha vyombo vyote vya jikoni. Mwiko bado nautafuta.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimetandaza soksi mpya kitandani, nimezigeuza zote nje ndani, napitisha kidole kwenye mshono wa vidoleni. Dada akasimama mlangoni.

"Unatafuta nini humo, chawa?"

"Naangalia mshono, dada."

"Mshono wa soksi?"

"Ndiyo. Ukiwa na kinundu unaniumiza."

Akanyamaza kidogo. Ndipo akaitoa ile sentensi, tena kwa upole, kwa ile sauti yake ya kutoa ushauri. Mama akacheka kule sebuleni, jicho moja limefunikwa, masikio yote mawili yapo kazini. Na mimi nikasema, "Haya, dada."

Haya, dada! Mtu mzima na watoto wangu, mwalimu ninayenyamazisha darasa kwa kuinua nyusi tu, najibu "haya, dada". Na huyo mama anayecheka ndiye aliyekuwa akinivalisha soksi nje ndani nilipokuwa mdogo, mshono uelekee kwenye kiatu usiguse kidole, maana bila hivyo asubuhi haikupita bila kilio. Sasa tuulizane, nani alianza kuidekeza hii miguu?

Tangu siku hiyo namjibu dada kila usiku, nimelala chali, baba watoto anakoroma. Majibu yangu ni mazuri sana. Namwambia: dada, mguu mmoja una mifupa 26, na mimi naisimamisha juu ya sakafu ya saruji tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Namwambia mshono si mshono tu. Kuna soksi ambazo ncha yake hufungwa na mashine haraka haraka, ikabaki na tuta la uzi juu ya vidole, na tuta hilo likikutana na kiatu, kidole kidogo ndicho kinacholipa. Kuna nyingine ambazo ncha yake huunganishwa kitanzi kwa kitanzi, ukipitisha kidole huoni mahali ilipofungwa. Sasa nikitafuta hizo, kosa langu ni lipi?

Jibu jingine ni la pamba. Dada ni mtu wa pamba tupu, na pamba ni laini mkononi, sikatai. Lakini nyayo zinatoka jasho kupita sehemu nyingi za mwili, na pamba hulinywa jasho ikakaa nalo. Kufika kipindi cha nne soksi imelowa, ngozi imelegea, na ngozi iliyolegea ikisuguliwa ndipo malengelenge yanapotoka. Mimi napenda sufu ya kondoo wa aina ya merino iliyochanganywa na nailoni kidogo ili isichakae upesi. Watu wakisikia sufu wanakumbuka sweta linalowasha. Nyuzi za merino ni nyembamba, haziwashi namna hiyo, na zikiwa na unyevu hazikugandi kwenye ngozi.

Hapa mwenye usingizi angelala, lakini mimi ndiyo kwanza huwa nimefika kwenye kisigino. Maandishi ya kwenye pakiti siyaamini, kila pakiti inajisifu kuwa laini. Mimi natia mkono ndani. Soksi yenye mto wa kweli ina vitanzi vidogo upande wa ndani, kama vya taulo, vimejazana kwenye kisigino na chini ya vidole, pale uzito unapotua. Juu ya mguu sivitaki, pawe pembamba, hewa ipite. Nainyosha kidogo na kuiinua kwenye mwanga. Nikiona mwanga unapenya kisiginoni, nairudisha. Na zile zilizofumwa nyoofu kama bomba, zisizo na kisigino chochote, hata nikipewa bure sizitaki, kwa sababu zinajikunja kwenye kifundo na mikunjo hiyo inauma kuliko mshono.

Unene nao una mipaka yake. Soksi nene ndani ya kiatu kilichokuwa kinakutosha sawasawa ni adhabu, vidole vinabanwa na ule mto wote haukusaidii kitu. Ndiyo maana mimi huenda kununua viatu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, nimevaa soksi ninazokusudia kuzivaa humo. Hili dada analijua. Ndilo alilomsimulia wifi kwenye simu, nikamsikia.

Basi nilikuwa nimepanga kuyasema haya yote Jumapili, mbele ya mama.

Alhamisi tukaenda kliniki, mama akaangaliwe jicho, na dada kwa ajili ya sukari yake, ambayo miaka yote anasema haimsumbui. Niliingia naye kwa sababu alitaka nimshikie mkoba. Muuguzi akamwambia avue viatu. Soksi zilipotoka niliona ule mpira wa juu umemchora mfereji kuzunguka mguu, umezama kabisa, na yeye akaupangusa kwa kiganja akidhani labda ni vumbi. Muuguzi akatoa uzi wa nailoni uliosimama kwenye kishikio, ule unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Akamwambia afumbe macho, kila akiguswa aseme ndiyo.

Uzi ukagusa kidole gumba. Ukapinda. Ukagusa chini ya kidole cha kati, ukapinda. Dada kimya. Ukahamia mguu wa pili.

"Mbona huanzi?" dada akauliza.

Muuguzi hakumjibu upesi. Aliandika kitu, kisha akamgusa juu zaidi, karibu na kifundo, na dada akasema ndiyo kwa sauti kubwa, kwa furaha ya mtu aliyesubiri sana. Baadaye muuguzi alitueleza kwamba ganzi ya sukari mara nyingi huanzia vidoleni na kupanda taratibu, miguu yote miwili, kwa umbo la soksi. Alilisema hivyo hivyo, umbo la soksi. Nikatazama sakafu.

Sikusema lolote Jumapili. Ijumaa nilirudi kutafuta soksi tena, safari hii za dada, na kumbe kumchagulia mtu asiyehisi ni kazi nyingine kabisa. Mimi mshono ukinisumbua napiga kelele. Yeye unaweza kumla mchana kutwa asijue. Kwa hiyo mshono nikaukagua mara mbili. Juu pasiwe na mpira wa kubana. Na rangi iwe nyeupe, hata kama zitachafuka upesi, kwa sababu kidonda kikitoka, damu itaonekana kwenye soksi kabla yeye hajajua kwamba ana kidonda. Muuguzi alisema pia atazame nyayo kila siku na atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, kama kuna kijiwe. Dada aliitikia kwa kichwa. Namjua kuitikia kwake.

Nilipompa, alizigeuza nje ndani, akapitisha kidole. "Hizi nazo ni nyeupe mno," akasema. Kisha akazivaa, akatembea hadi jikoni na kurudi.

"Unazionaje?" nikamuuliza.

"Za kawaida."

Hasira na ile sentensi yake bado ninayo, nisidanganye. Jana alipokuwa akimwosha mama uso aliirudia tena, sasa kama utani wa nyumbani, na mama akacheka tena, na mimi nilikuwa na jibu tayari kabisa mdomoni. Nikamtazama miguuni nikaona kavaa zile nyeupe, moja kaivaa vibaya, kisigino kimekaa juu ya kifundo, na hana habari. Nikainama nikaiweka sawa. Akaniambia nimtoke miguuni, ana kazi.

Sasa nisome haya mara moja nilale. Ila kifungua mimba aliniambia basi lingefika saa tatu asubuhi, meseji yangu ina tiki moja mpaka sasa, na mwenzake wa chumbani naye hapokei simu.